Ukurasa wa Dubu Mezani

Gazeti lenyewe nililinunua mimi. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye nilichekwa nyumbani kana kwamba sijawahi kulitia machoni.

Nilikuwa nimetoka Isiolo kuuza vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka. Basi liliponishusha mjini, badala ya kuelekea Uthiru kwa binti yangu, nikaanza kuzunguka. Siwezi kufika Nairobi nikaacha kuizunguka. Lazima nione duka la viatu limegeuka kuwa nini, na kama yule fundi wa saa bado amejibanza chini ya ngazi zake. Nina miaka arobaini na sita na miguu yangu haijawahi kukubali kwamba imefika.

Upande wa River Road mwanamume mmoja alikuwa ametandaza gunia kando ya njia na kupanga magazeti ya zamani: ya magari, ya mitindo ya nywele, ya mapishi. Pembeni kulikuwa na machache ya watoto wachanga, yale ya picha tupu, yenye kurasa nene kama kadi na pembe zilizokatwa mviringo zisimdunge mtoto. Nikachukua moja. Lilikuwa na familia ya dubu waliovaa sweta. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache, herufi zikiwa na vinukta juu na vijimkia chini.

"Hii ni lugha gani?" nikamuuliza.

"Mathe, mtoto ako na miaka ngapi?"

"Bado hajafikisha mwaka."

"Anajua kusoma?"

"Hapana."

"Sasa hiyo lugha inamsumbua nani?"

Nikacheka, nikalinunua.

Mimi na magazeti ya watoto tumetoka mbali. Nilipokuwa mdogo tuliishi chumba kimoja cha mbao nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Baba alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, na mama alifua nguo kwa familia moja ya Kihindi kule Parklands. Watoto wa pale walipochoka na magazeti yao ya picha, mama alipewa, na baba akayabandika ukutani kwa gundi ya unga ili kuziba upepo. Ukurasa mmoja aliubandika kichwa chini, wenye bata waliovaa kofia. Gundi ikakauka, ikawa basi. Nililala nikiwatazama bata hao mpaka nilipoanza shule. Siku mwalimu aliponipa picha ya bata niipake rangi, niliigeuza karatasi kwanza ili bata akae vizuri, miguu juu.

Kwa hivyo nilipofika Uthiru na gazeti langu nilidhani nimeleta kitu kikubwa. Mjukuu wangu alilipokea kwa mikono miwili, akaling'ata pembeni, akalitupa.

"Mum," binti yangu akasema, "si ungeleta tu ndizi."

Baada ya siku mbili nilibeba mkoba wangu nikaenda zangu Kitale.

Simu ilinikuta huko miezi mingi baadaye. Binti yangu ni muuguzi katika hospitali moja Parklands, na mumewe anachimba visima Turkana, anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto alilelewa na msichana kutoka Mwingi ambaye sote tulimwita Anti, ingawa ni mdogo kuliko binti yangu. Sasa Anti alikuwa amepata mchumba.

"Anaenda kuolewa, Mum. Sina mtu."

"Uko na mimi."

"Mum, wewe hukai."

"Nitakaa."

"Ulisema hivyo hata Krismasi."

"Si nilikaa Krismasi?"

"Ulikaa mpaka chai ya saa nne."

Tukakubaliana juu ya wiki moja. Mtoto akikubali kula kwa mkono wangu, nikae nimlee. Akikataa, Jumatatu ataanza kupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto, deikea iliyo karibu na stendi, ambayo binti yangu hakuipenda kwa sababu watoto waliwekwa mbele ya televisheni kutwa. Sikumwambia jinsi nilivyoitaka nafasi ile. Nimeuza vyondo katika miji ambayo wengine huiona kwenye ramani tu, lakini kila nilipomtembelea mjukuu wangu alinitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Nilitaka anijue. Nilitaka siku moja anisikie mlangoni aje mbio.

Nilipofika, Anti alikuwa ameshaondoka. Nikatundika mkoba wangu nyuma ya mlango. Binti yangu aliutazama mkoba, kisha akanitazama mimi. Asubuhi alimnyonyesha mtoto, akavaa viatu huku anatafuna mkate, na akiwa ameshafika kwenye ngazi akanipigia kelele: "Chakula anakula na gazeti! Bila gazeti usijaribu!"

Nilijua ni gazeti gani. Lilikuwa limechakaa hata rangi ya sweta za dubu ilikuwa imepauka, na mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa vyondo. Moyo wangu ukachangamka. Kumbe lilipendwa! Saa sita nikaponda viazi, karoti na ndengu, nikamkalisha mtoto mapajani, nikafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kwa sauti tamu: "Hapo zamani palikuwa na dubu..."

Akanifunga mdomo kwa kiganja.

Nikajaribu tena. Kiganja tena. Kisha akakunja ngumi yake ndogo akagonga mlango wa nyumba ya dubu, ko ko ko, akanigeukia.

"Nani?" nikasema.

Akatikisa kichwa.

"Karibu?"

Ndiyo, lilikuwa hilo. Akafungua ukurasa mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba gazeti nililonunua halikuwa langu tena. Anti na mtoto walikuwa wameligeuza kuwa kitu chenye taratibu zake, na mimi nilikuwa mgeni. Ukurasa wa pili dubu walivaa buti, na ilibidi sote wawili tushike miguu yetu. Ukurasa wa tatu waliogeshwa, na ilibidi nimsugue mgongo. Nilikosea mara nyingi na kila nilipokosea kiganja kilinirudia, lakini alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nacheka, nikajiambia hii kazi nitaiweza.

Ukafika ukurasa wa nne. Dubu wamekaa mezani, kila mmoja na bakuli lake linalotoa mvuke. Mtoto akatulia. Akaweka viganja vyake juu ya picha, akanitazama bila kupepesa.

Nikapuliza chakula cha dubu, kwa kuwa kilikuwa cha moto. Hakuridhika. Nikavuta midomo nikafanya sauti ya kunywa supu. Nikahesabu mabakuli. Nikasema "mmm, tamu," nikasugua tumbo langu, nikasugua tumbo lake, nikasugua tumbo la dubu. Nikaimba. Yeye alikuwa akisubiri tu, na subira yake ilikuwa ya mtu mzima anayemsubiri karani kwenye dirisha. Nilipomletea kijiko, akafunga gazeti na mdomo kwa pamoja.

Kuanzia hapo haikuingia hata punje ya ndengu.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Mlangoni vizuri, buti vizuri, kuoga vizuri, mezani tunakwama. Jioni mama yake alimnyonyesha, basi njaa yenyewe haikumtesa, lakini binti yangu alilitazama bakuli lililojaa kama anavyotazama, nadhani, chati ya mgonjwa asiyepata nafuu.

"Ulisoma gazeti?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Tunafika kwa meza ananigomea. Wewe unafanyaje hapo?"

"Mimi hata sijui, Mum. Gazeti ilikuwa ya Anti."

Tukampigia Anti. Kwao mtandao hupatikana kwenye mlima mmoja tu, kwa hivyo tulipiga siku nzima bila kumpata. Jioni ya siku iliyofuata akapiga mwenyewe, upepo ukivuma kwenye simu, na nyuma yake wanawake wakicheka.

"Susu!" akapiga kelele. Hivyo ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. "Mtoto anasema nini?"

"Hataki kula. Hebu niambie unavyosoma hilo gazeti."

"Ni kusoma tu vile iko, Susu!"

"Iko aje?"

"Si wanabisha hodi, wanavaa gamubuti, wanaoga, wanakula, wanalala. Basi!"

"Hapo wanakula, unafanya nini?"

"Hapo? Wanakula tu, Susu. Si ni chakula?" Kisha mtu akamwita, na upepo ukamchukua.

Binti yangu alikuwa amesikiliza yote. Hakunilaumu. Alisema tu kwa upole kwamba Jumatatu atampeleka mtoto deikea wakajaribu, na kwamba mimi nisijisikie vibaya, watoto wako hivyo. Alipoinuka kwenda kulala, macho yake yalipita nyuma ya mlango, kwenye mkoba. Ule upole ndio ulioniuma. Angenigombeza ningejitetea.

Jumamosi alikuwa kazini. Sikutaka kukaa nyumba ile nikilitazama lile bakuli. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikatia gazeti na chupa ya maji kwenye mkoba wangu, tukaenda Adams Arcade.

Kwa nini huko, siwezi kueleza vizuri. Nikishindwa na jambo miguu hunipeleka ninakokujua. Nilimwonyesha mtoto nyuma ya maduka mahali palipokuwa na nyumba yetu ya mbao, ambapo sasa pana magari yameegeshwa, nikamwambia, "Hapo ndipo bata walikuwa wanalala kichwa chini." Alitoa kichwa begani kwangu akatazama kwa makini, kana kwamba huenda bado wapo.

Upande wa pili walikuwa wanajenga ghorofa, na kando yake mama mmoja alikuwa na kibanda cha chakula: benchi mbili, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, sufuria za maharagwe na wali. Ilikuwa saa ya watu wa mjengo kula. Nikabanwa kwenye kona, mtoto mapajani, nikaagiza maharagwe na chapati moja, na kabla sahani haijatulia mezani nilikuwa nimeshatafuna tonge la kwanza. Ndivyo nilivyozoea. Nimekula nikisimama, nimekula nikikimbilia basi, nimekula mkono mmoja ukiwa umeshika pesa za kiondo. Binti yangu amelelewa na mimi, ndiyo maana naye hula akitafuta viatu.

Mbele yetu akaketi fundi mmoja mpana, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Akawekewa wali uliorundikwa. Akavua helmeti yake, akaiweka kifuani kwa mikono miwili, akafumba macho.

Nikasikia mtoto anatulia mapajani mwangu. Nikainama kumtazama. Alikuwa amebana viganja vyake pamoja na kufumba macho kwa nguvu, uso mzima umekunjamana, mdomo ukinong'ona maneno yasiyokuwepo katika lugha yoyote.

Yule fundi akamaliza. "Amina," akasema chinichini.

"AMINA!" mtoto akapiga ukelele uliowageuza watu wote wa benchi mbili. Kisha akanigeukia na kufungua mdomo, wazi kabisa, mpaka nikaona magego.

Nilibaki na chapati mkononi kama mtu aliyepigwa picha.

"Kula ni sala, shosho," fundi akanitania huku akivaa helmeti. "Huyu mtoto ameokoka kukushinda."

"Mwache," mama wa kibanda akadakia, "si unaona alianza kutafuna kabla hata sijamwekea kijiko!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka mpaka nikatokwa machozi, kwa sababu papo hapo nilimwona baba. Nilimwona akivua ile kofia yake ya utarishi, akiishika kifuani namna ileile, na kuanza sala zake ndefu za Kikamba. Zilianzia kwenye mvua ya Ukambani, zikapita kwa ng'ombe, zikawafikia wakubwa wake wote wa ofisini mmoja baada ya mwingine, huku sima inapoa. Sisi watoto tulikuwa tunachungulia kwa jicho moja kuona nyama iko upande wa nani. Akitushika, hakukatiza sala. Alikohoa tu, kikohozi kimoja kirefu, macho yakafungwa yote.

Na nilimwelewa Anti. Hakunificha kitu pale mlimani. Kwao hakuna bakuli linaloguswa kabla ya kuombewa, iwe la mtu au la dubu. Hakulitaja kwa sababu hakujua kwamba kuna watu wa kuambiwa.

Nikatoa gazeti kwenye mkoba, nikalifungua juu ya kitambaa cha plastiki, ko ko ko, karibu, buti, mgongo, na mezani. Mtoto akaweka viganja juu ya picha. Nikafumba macho. Ilikuwa imepita miaka mingi, na maneno yaliyonijia yalikuwa ya baba. "Ee Mungu, bariki chakula hiki cha dubu," nikasema, na kusikia benchi nzima imenyamaza. "Bariki na aliyewapikia."

"Na mjengo," fundi akaongeza.

"Na mjengo."

"Amina!"

Akala maharagwe. Akala chapati yangu. Akakubali hata kijiko cha wali kutoka kwa fundi, baada ya wali huo kuombewa upya, kwa kuwa mtoto hakuuhesabu katika sala ya mwanzo.

Jumapili binti yangu hakuwa na zamu. Sikumwambia chochote. Nilipika ndengu na wali, nikatenga mezani, nikamweka mtoto kati yetu na gazeti lake. Binti yangu alikuwa ameshajiandaa kwa huzuni. Kando ya mlango kulikuwa na mfuko mdogo alioufunga kwa ajili ya deikea, nguo za kubadilisha na kikombe. Akatia kijiko kwenye wali wake.

Mtoto akanguruma.

"Nini sasa?"

"Weka kijiko chini," nikamwambia. "Dubu bado."

"Dubu bado nini?"

"Hawajaombewa."

Alinitazama akidhani nimechanganyikiwa. Mtoto akagonga mlango, nikamkaribisha. Tukashika miguu, na mama yake akaamrishwa kwa kidole ashike yake pia. Tukaogesha. Tukafika mezani, viganja vikawekwa juu ya mabakuli, na mtoto akamtazama mama yake kwa ile subira niliyoijua mimi. Nikaona uso wa binti yangu unabadilika polepole.

"Ni maombi tu?" akanong'ona. "Wiki nzima, Mum, ni maombi tu?"

Akampigia Anti hapohapo, na kwa bahati Anti alikuwa mlimani. Binti yangu alimweleza. Kutoka upande wa pili nikasikia ile sauti iliyojaa upepo ikiuliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani nyinyi mlikuwa mnakula tu hivyo hivyo?"

Tulicheka mpaka mtoto akakasirika. Chakula cha dubu kilikuwa kinapoa.

Tukafumba macho. Nikaanza na mvua ya Ukambani, kwa heshima ya baba, nikaombea dubu baba na dubu mama na yule mdogo mwenye sweta iliyopauka, nikaombea baba mtoto na visima vyake, na wagonjwa wa Parklands. Nilikuwa natafuta pa kumalizia nilipomsikia binti yangu akikohoa kidogo.

"Na Susu akae," akasema.

Maneno yakakatika. Nikafanya nilichokuwa nikifanya zamani nyuma ya Adams Arcade. Nilifungua jicho moja. Binti yangu alikuwa amefumba macho barabara, kama mtoto mzuri. Lakini chini yake, juu ya gazeti, kulikuwa na jicho jingine moja limefunguliwa, jeusi na linalong'aa, likinitazama kuona ninachelewa nini.

"Amina," akasema, bila kunisubiri, na kufungua mdomo.